Chakula kingepitia wapi?

Fundi aliikunjua ramani yangu ya nyumba juu ya mifuko ya saruji, akabana pembe mbili kwa vipande vya mawe na ya tatu kwa simu yake. Ya nne aliiacha ipeperuke. Hakuisoma mara moja. Aliizungusha kwanza, polepole, mpaka barabara ya kwenye karatasi ikalingana na barabara ya kweli, ile ya vumbi inayokuingiza ndani ya Ruai ukishuka Kangundo Road. Ndipo akainama.

"Binti, huu ukuta ni wa nini?"

Nilifuata kidole chake. Kilikuwa katikati ya sebule.

"Hapo hakuna ukuta, mzee."

Hakubishana. Alinionyesha kwa kidevu tu. Nikageuka, nikauona: kozi mbili, yaani safu mbili, za mawe ya Ndarugo, zimepangwa kwa uzi na pima maji, hakuna hata jiwe moja lililopinda, kutoka ukuta huu mpaka ule. Mita 4.2 za kazi safi, na sebule imetengwa na mahali pa kulia kama watu waliokosana.

"Nilisimama kwenye kozi ya pili," akasema. "Nikajiuliza. Jikoni ni kule, wageni wako huku, na mlango hamna. Chakula kingepitia wapi?"

Watu wa mkono walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha rundo la mchanga, wananitazama.

Sikuwa na jibu.

Ni wiki sita sasa. Nimefanya mtihani wa moduli, nimehama nyumba, nimegombana na kupatana na dadangu, na swali hilo bado linapanda nami matatu kila asubuhi.

## Kijani

Nieleze kilichotokea, maana watu wa ofisini walikielewa kwa sekunde kumi na mimi kimenichukua mwezi na nusu.

Niko kwenye atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, mwaka wa mwisho wa diploma ya usanifu majengo katika chuo kimoja cha ufundi hapa Nairobi. Ofisi ina watu watano na printa moja inayogoma kila Jumatatu. Nilipewa nyumba ya ghorofa moja ya kule Ruai nimalizie michoro yake. Kazi yangu ya kwanza ambayo ingejengwa kweli. Kwenye kisanduku cha chini kulia, pale panapoandikwa nani amechora, niliweka herufi mbili za majina yangu, na sitawadanganya, niliipiga picha nikaituma kwa kikundi cha familia.

Sasa, ramani ya sakafu ni nyumba iliyokatwa kwa msumeno. Unaikata mlalo, kama mita 1.2 kutoka sakafuni, usawa wa kifua cha mtu mfupi kama mimi. Unaondoa kipande cha juu, kisha unachungulia kutoka angani. Ukuta uliokatwa na msumeno unachorwa kwa mstari mnene. Kitu kilicho chini ya msumeno, mfano sinki au ngazi za mwanzo, mstari mwembamba. Na kitu kilichokwenda na kile kipande ulichoondoa kinachorwa kwa mstari wa vipandevipande. Maana yake: usikitafute hapa, kiko juu ya kichwa chako.

Kati ya sebule na mahali pa kulia palikuwa na bimu, yaani boriti, inayobeba slabu ya juu. Upana wake milimita 200, sawa na ukuta. Kwa hiyo ilikuwa mistari miwili ya vipande, imeachana milimita 2 kwenye mchoro wa 1:100 (mita moja ya nyumba ni sentimita moja ya karatasi), sawasawa na mistari ya ukuta inavyoachana.

Kwenye skrini yangu bimu ilikuwa ya kijani. Kuta zilikuwa za manjano. Kila nilipotazama nilijua hii ni bimu na ule ni ukuta, kama unavyojua gauni la dada na gauni la mama kwenye kamba ya nguo.

Nisichokiangalia ni urefu wa vile vipande. Usipoiambia programu kitu, kipande kimoja kinatoka milimita 12.7 za nyumba halisi. Gawanya kwa 100. Kwenye karatasi kinakuwa na urefu usiozidi unene wa unywele mmoja au miwili, na nafasi inayokitenganisha na mwenzake ni nusu ya hapo. Wino ukipita unazijaza zote. Mstari unatoka mzima. Halafu nikatuma faili bila kupanga unene, kila mstari ukatoka mnene sawa na mwenzake. Halafu duka la kuprinti karibu na Moi Avenue likatoa nyeusi na nyeupe, kwa sababu nyeusi na nyeupe ndiyo bei tuliyolipia.

Kijani kilibaki ofisini.

Mchoro wa injinia ulionyesha ile bimu vizuri kabisa. Lakini ulikuwa ndani ya gari la mkandarasi, na mkandarasi alikuwa Machakos kwenye mazishi. Fundi alikuwa na karatasi yangu peke yake.

Niliporudi ofisini bosi hakufoka. Aliandika neno moja na namba moja kwenye kibodi, akabonyeza, na mistari ikakatikakatika mbele ya macho yangu. "Haya, toa nyingine," akasema, akarudi kwenye chai yake. Ningefurahi kama angefoka.

## Herufi mbili

Nirudi Ruai kidogo.

Mota ilikuwa haijashika vizuri, kwa hiyo mawe yaliokolewa karibu yote. Mota yenyewe haikuokolewa, wala nusu siku ya watu wanne. Nilinunua soda na mikate. Fundi akanikalisha juu ya mbao, akaiweka ramani magotini mwetu sote wawili, akasema, "Sasa nisomee wewe."

Nikaanza: chumba cha kulala cha wageni, mita 3 kwa 3.6, dirisha la...

"Sikukuambia unisomee namba. Namba naziona. Ingia."

Sikuelewa.

"Umetoka barabarani. Umefungua geti. Mvua inanyesha. Ingia nyumbani."

Basi nikaingia. Nilipofika mlango wa mbele akaniuliza unafungukia upande gani na swichi ya taa iko wapi. Nikatazama. Swichi ilikuwa nyuma ya mlango. Ukiingia usiku unafungua, unaingia gizani, unafunga mlango, ndipo unapapasa ukutani. Nilipofika bafu la chini mlango ukagonga choo. Si sana. Sentimita tano hivi. Inatosha.

"Hiyo ya bafu ningeigeuza," akasema. "Ningeweka bawaba upande huu. Nimewageuzia wengi."

"Na huwaambii?"

"Niwaambie lini? Mnakuja mjengoni?"

Kisha akagusa kile kisanduku cha chini kulia. "Hizi herufi ni zako?"

Nikakubali kwamba ni zangu.

Miaka thelathini na kitu mtu huyu amekuwa akitengeneza makosa ya watu wanaovaa viatu safi, kimya kimya, bila yeyote kujua. Nilipoifikiria nikiwa kwenye matatu nilianza kwa kumsifu, na kufika Njiru nilikuwa nimeogopa. Kwa sababu kimya hicho hicho kinageuza bawaba leo, na kesho kinapunguza vyuma vya nguzo kwa kuwa mwenye ploti amesema vimezidi. Karatasi inasema lake, mjengo unafanya lake, hazijawahi kukutana. Mimi ni mtu wa Eastlands. Mtaa wa Huruma nilienda na rafiki yangu baada ya usiku ule wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lililolala chini baada ya mvua na watu zaidi ya arobaini wakafia ndani. Lilikuwa limeshawekwa alama libomolewe. Sisemi bimu yangu inafanana na hilo. Nasema tu kwamba nilipokuwa nasimama pale Huruma sikujua siku moja nitakuwa mmoja wa watu wanaochora.

## Pazia

Kazi yetu ya kwanza kabisa chuoni ilikuwa maneno matatu ubaoni: Pima chumba unacholala.

Nililala Kayole wakati huo, chumba kimoja, kile ambacho kila mtu anakiita kumi kwa kumi. Niliazima tepi kutoka hadiwea niliyokuwa nimefanya kazi miaka minne kabla ya kupata karo. Kumi kwa kumi ya mwenye nyumba wetu ilikuwa mita 2.9 kwa 2.95. Futi kumi ni mita 3.05. Tangu niko darasa la tatu tumelipia sentimita ambazo hazikuwepo. (Jiji lote ndivyo lilivyo, msishangae. Ploti ya 50 kwa 100 inauzwa kama sehemu ya nane ya ekari, na ukipiga hesabu ni futi mraba 5,000, ilhali sehemu ya nane ya ekari ni 5,445. Kila mtu anajua, na kila mtu ananunua.)

Nilipomaliza kuta, mlango na dirisha, nikakwama.

Chumba chetu kilikuwa na pazia. La maua ya zambarau, limefungwa kwa waya kutoka msumari hadi msumari. Upande huu kitanda cha Mama, upande ule sisi watatu, jiko la gesi na televisheni. Kwa mwenye nyumba kile kilikuwa chumba kimoja. Kwetu vilikuwa viwili, na ukivuka bila kubisha ulichapwa. Utabishaje hodi kwenye pazia? Unakohoa.

Je, pazia linachorwa?

Niliwaza usiku mzima, nikaamua kulichora kwa mstari wa vipande. Niliona aibu kulichora zima, na niliona uchungu kuliacha.

Mwalimu alipita na kalamu nyekundu, akasimama. "Hii ni bimu?"

"Ni pazia, mwalimu."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Pazia linafika chini?"

"Linafika."

"Basi msumeno unalikata. Lichore kama kitu kilichopo."

Nikalichora upya, mstari mwembamba wa mawimbi, kutoka msumari hadi msumari. Nilipata alama 14 kwa 20. Sita zilipotelea kwenye mwandiko wa vipimo, na alikuwa na haki.

Najua mnachofikiri, kwa sababu nami nimekifikiri: mtu aliyeanza hivyo alifikaje mahali pa kuchora bimu bila kujua watu watapitia wapi? Ndicho kinachoniuma. Nilikijua kitu hicho wiki ya kwanza, halafu nikakisahau kadiri nilivyozidi kuwa hodari.

## Kivuli cha Juni

Usahaulifu wenyewe ulianza mapema. Muhula wa pili tulipewa nyumba ya familia, tuiwaze wenyewe. Nilikuwa na kitabu cha zamani cha Uingereza nilichonunua kwa wauza vitabu wa barabarani mjini kwa shilingi 300, jalada limetoka, michoro mizuri ajabu. Kitabu kilisema sebule ielekee kusini ipate jua. Nikaielekeza kusini. Nikaipa madirisha makubwa, nikaandika pembeni kwa mwandiko wangu bora: kupokea jua.

Mwalimu akaangalia, akaniambia nitoke nje naye.

Ilikuwa mojawapo ya siku chache za Juni ambazo mawingu ya Nairobi hupasuka. Saa sita na nusu mchana. Akanisimamisha katikati ya uwanja wa kuegesha magari.

"Kivuli chako kimelala wapi?"

Kilikuwa mbele yangu, kifupi, kama sentimita 70, kimeelekea upande wa Mombasa Road.

"Huko ni wapi?"

"Kusini."

"Na jua?"

Sikuhitaji kugeuka. Mji wetu uko digrii moja na dakika 17 kusini mwa ikweta. Karibu nusu ya mwaka jua la mchana linapita kaskazini yetu, nusu nyingine kusini. Mwezi wa Juni, mwezi ambao nyumba za Nairobi ni baridi mpaka watu wanalala na soksi, sebule yangu ingekuwa imelipa jua kisogo. Na upande wa kuogopa hapa ni magharibi, lile jua la saa kumi linaloingia chini chini na kukukaanga kwenye kochi.

Aliyeandika kitabu hakukosea. Aliwaandikia watu wa London. Aliyekosea ni mimi niliyekuwa nimeishi chini ya jua hili miaka 24 na nikaenda kuliuliza kitabu liko wapi.

Nilirekebisha mchoro. Lakini somo nililolichukua siku ile lilikuwa dogo mno: niliandika daftarini "hapa, kaskazini na kusini, epuka magharibi", nikalihifadhi kama kanuni nyingine. Nilibadilisha kitabu tu.

## Wembe

Mwalimu wetu ni wa enzi za meza na rula ya T. Programu tunayotumia sisi ilitoka Marekani mwaka 1982, na anasema ilipomfikia yeye alikuwa tayari na kibiongo. Anatuwekea muhula mzima wa kuchora kwa mkono. Penseli ya 2H kwa mistari ya kuanzia, kalamu za wino za 0.25, 0.35 na 0.5, karatasi ya kupitishia nuru ambayo ukikosea unaikwangua kwa wembe, kwa upole, kama unamnyoa mtoto mchanga. Ukikwangua mara mbili mahali pamoja karatasi inafanya manyoya na wino unatambaa.

Tulilalamika. Mimi niliongoza. Nilisema ofisi gani Nairobi inachora kwa mkono siku hizi? Hizo wiki kumi na mbili tungejifunza programu ya pili. Karatasi moja ya A1 ilikuwa bei ya chakula changu cha mchana cha siku mbili, na huwezi kubonyeza kurudi nyuma. Bado nadhani hoja ile ilikuwa na mashiko. Kuna wenzetu waliacha muhula ule kwa sababu ya gharama ya vifaa, na hakuna hekima ya mkono itakayowarudisha.

Sasa basi. Jumamosi ya wiki ya pili baada ya Ruai nilienda chuoni, nikamwomba mlinzi anifungulie ukumbi wa kuchorea. Sakafu nzima hamna mtu, meza zimeinama kama ng'ombe wanaokunywa maji. Nikabandika karatasi, nikaanza kuichora ile nyumba ya Ruai upya, kwa mkono, 1:100.

Kuta zilikwenda haraka. 0.5, vuta, inua. Nilipofika kwenye bimu nikabadilisha kalamu, 0.25, na hapo mkono ukapunguza mwendo wenyewe. Kipande milimita 3, nafasi milimita 1. Weka, vuta, inua. Weka, vuta, inua. Milimita 42 za mstari zilinichukua vipande kumi na kimoja, na mstari wa pili vingine kumi na kimoja. Kila nilipoinua kalamu kulikuwa na tundu jeupe, na hapo kwenye tundu ndipo nilipomwona mtu anapita na sinia.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikalia kidogo, lakini hiyo ilikuwa pia njaa.

Mwenzangu mmoja nilipomsimulia aliniharibia raha. "Hata kwa mkono ungeweza kuchora mstari mzima kwa kusahau," akasema. "Na kwenye kompyuta ungeweza kuangalia kabla ya kutuma. Shida haikuwa kalamu." Ni kweli. Mwalimu mwenyewe anasimulia kwamba enzi zao mtu alimwaga wino kwenye mchoro wa shule, akakwangua, akakwangua na dirisha moja, na shule ikajengwa bila dirisha hilo. Hakutuambia ni shule gani. Nashuku aliyekwangua ni yeye.

Lakini kwenye kompyuta sikuwahi kuinua mkono. Nilibonyeza mwanzo, nikabonyeza mwisho, mashine ikajaza kati. Na nilikuwa nachora nikimwona mtu mmoja tu: anayesahihisha. Mtihani, mwalimu, bosi. Hao wote wanaitazama karatasi wakiwa wamekaa. Hakuna hata mmoja atakayeingia nayo kwenye tope.

## Jina

Katika chama cha Mama, kikundi chao cha kuchangiana pesa kwa zamu, mimi ni arkitekti. Amewaambia wote. Nimemsihi aache, kwa sababu jina hilo halichukuliwi hivi hivi. Kuna sheria, Sura ya 525, imekuwepo tangu ukoloni, 1934, na bila kusajiliwa na bodi huruhusiwi kufanya kazi kwa jina la msanifu majengo. Kusajiliwa ni shahada kwanza, kisha miaka ya kufanya kazi chini ya mtu, kisha mitihani ya bodi. Mimi nina C ya kidato cha nne na diploma nusu kikombe. Ninachora. Mwingine anatia sahihi.

"Lakini wewe ndiye umechora?" Mama huuliza.

"Ndiyo."

"Basi."

Kuna jioni nilikuwa nimekaa mjini nikilitazama KICC na kujiuliza kama nimalizie au nirudi hadiwea, ambako angalau nikimuuzia mtu msumari wa nchi tatu ni msumari wa nchi tatu. Jengo lile lilikamilika 1973, mita 105 kwenda juu, na majina yanayotajwa ni mawili: Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wetu. Wanastahili. Ila mtu mmoja au wawili hawachori mnara ule wote, karatasi kwa karatasi. Lazima kulikuwa na mtu aliyekaa na ngazi za dharura wiki nzima, hatua baada ya hatua, akihesabu kama mtu anayekimbia gizani mguu wake utapata mahali pa kukanyaga. Labda aliweka herufi mbili kwenye kisanduku cha chini kulia. Labda hata hizo hakuweka.

Sikuondoka pale na uamuzi wowote mkubwa. Mvua ilianza, nikapanda gari.

Kilichobadilika ni kidogo na ni cha kipuuzi. Kabla ya kutuma faili naiprinti kwa A3, nyeusi na nyeupe, shilingi ishirini. Naizungusha barabara ilingane na barabara. Halafu natembeza kidole kutoka getini, na mvua inanyesha. Bosi alinikuta nikifanya hivyo nikinong'ona "nimefika mlangoni, nimewasha taa", akaondoka bila neno. Juzi nilimwona akifanya vivyo hivyo na ngazi za mchoro mwingine, bila kunong'ona.

Na fundi nimempigia simu mara tatu. Mara ya kwanza aliuliza nimekosea nini tena.

## Mwala

Mama ana kipande cha ardhi Mwala, na chama kimefika zamu yake. Anataka vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, mabati. Aliniambia nimchoree, "kama wale unaowachorea watu."

Nilimpelekea Jumapili iliyopita. Alifuta meza kwa kanga kwanza. Hajawahi kushika ramani ya nyumba maishani mwake, na nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya msumeno. Hakunipa nafasi. Aliishika karatasi, akauliza njia ya kwenda kisimani iko upande gani, nikamwonyesha, akaigeuza.

Akaweka kidole getini.

"Naingia," akasema. "Hapa naweka mtungi. Hapa viatu, kuna tope. Hii ni sebule." Kidole kikaenda taratibu, kikizunguka mahali ambapo mimi sikuchora meza lakini yeye aliiona. Kikafika kwenye ule mstari mwembamba wa mawimbi kati ya sebule na chumba chake. Alikuwa ameniomba hivyo mwenyewe, hataki mlango wa mbao pale, mlango wa mbao unamfanya ajione mgonjwa hospitalini.

Kidole kikasimama. Akakohoa kidogo, sijui kwa mzaha au kwa mazoea. Akakiinua kama anayesogeza kitambaa, akapita.

Akakaa upande ule kwa muda.

"Lakini choo umekiweka mbali," akasema. "Usiku nitatoka na nani?"